Mzee wa Memori na Albamu ya Mdogo Wangu

Mzee wa Memori hakuwahi kusikiliza wimbo mpya akiwa amekaa. Akiletewa wimbo, aliuingiza kwenye kadi, akaichomeka kadi kwenye redio ndogo, akaitumbukiza redio kwenye mfuko wa koti lake la kijivu, kisha akafunga mlango wa kibanda kwa kamba na kwenda zake. Alipita kwa wauza mkaa, akazunguka nyuma ya stendi ya Karatu, akaifuata barabara ya Oldeani mpaka pale inapoanza kuwa mbaya, ndipo akageuka. Ungemwona kwa mbali anatembea taratibu huku koti linaimba. Neno lake kuhusu wimbo alilisema akirudi, si kabla.

"Mteja wangu hakai," alikuwa akituambia. "Mteja wangu yuko nyuma ya ng'ombe tangu asubuhi. Wimbo usioweza kutembea nitampa nani?"

Kazi yake ilikuwa kuingiza nyimbo. Miaka ile watu wengi hawakuwa na simu za kuingia mtandaoni, na waliokuwa nazo hawakuwa na bando la kupoteza kwenye muziki. Mtu alikuja na memori kadi yake, kitu kidogo kama ukucha, akasema anataka nini, na mzee akaijaza kutoka kwenye kompyuta yake kuukuu. Kompyuta ile aliifunika karatasi ya nailoni mwaka mzima, kwa sababu vumbi letu jekundu haliombi ruhusa kuingia ndani. Alibonyeza herufi juu ya nailoni. Wakati wa mvua vumbi liligeuka tope, lakini nailoni haikuondolewa. Nilipomuuliza, alisema kompyuta imeshazoea nguo yake.

Wateja wake walikuwa madereva wa watalii, wachumaji wa kahawa wa mashamba ya Oldeani, wasichana wa saluni, na wafugaji. Hao wafugaji ndio aliowapenda. Walitoka Endulen, walitoka Malambo, wachache walitoka hata Arash, wakipanda malori ya mahindi, wakifika wamechoka na wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Walimwamkia kwa heshima zote, naye akawajibu kwa Kimaasai chake kibaya ambacho kiliwafanya wacheke. Kwetu Wairaqw, mzee wa makamo yake huitwa "aako", yaani babu, na vijana wa mtaani walimwita hivyo wakitaka punguzo. Wakiwa hawataki punguzo walimwita Mzee wa Memori tu. Jina lake la ubatizo nililijua baadaye sana, na sioni sababu ya kuliandika, maana halikuwahi kumfaa kama hili.

Alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili kibanda kilifungwa, na hata ungekuja unalia, hukupata wimbo. Siku nyingine sita aliingiza nyimbo zenye maneno ambayo mimi nilikuwa nikiyasikia naangalia chini. Mchungaji alimsema siku moja mbele ya watu, naye akajibu kwa upole, "Mimi nauza chumvi, baba mchungaji. Sijui mtu anakwenda kupika nini."

Hata hivyo, kila kadi iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na wimbo mmoja wa kwaya mwishoni, ambao mteja hakuuomba. Hakuuliza mtu kama ni Mkristo au si Mkristo. Aliuweka tu. Dereva mmoja alikuja siku moja amekasirika kweli kweli.

"Mzee, unanidhalilisha! Niko harusini, watu wamepandwa na mzuka, mara kwaya hiyo inaanza. Mpaka bibi harusi alisimama kama anaombewa!"

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni."

"Na kazini ulitakiwa saa ngapi kesho yake?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Basi ulikuwa wakati wako wa kwenda nyumbani," alisema mzee, akaendelea kubonyeza nailoni.

Kuna jambo moja ambalo sikuwahi kumwelewa. Alinakili nyimbo za wanamuziki wa nchi nzima bila kumwomba mtu, wala hakuona kosa. "Wanaimba ili wasikike," alisema. "Kule Malambo wangesikika kwa nani?" Lakini siku kijana mmoja alipokaa kwenye kompyuta yake na kunakili orodha yake yote kwenye flashi ili afungue kibanda upande wa pili wa stendi, mzee hakula siku mbili. Aliniambia ameibiwa. Nikamwambia, sasa mzee, hizo si nyimbo za watu? Akanitazama kama niliyemtukana. "Nyimbo ni za watu," alisema. "Mpangilio ni wangu."

Mimi nilimjua kwa sababu ya redio ya baba. Mama alitangulia, na baba akafuata mwaka uliofuata. Nilikuwa kidato cha pili. Tulibaki watatu, mimi wa kwanza, mdogo wangu Emanueli wa kati, na Lina, ambaye alikuwa bado anang'oka meno. Sikurudi shule muhula uliofuata. Nilikwenda kuchambua kahawa Oldeani, baadaye nikapata kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli ya watalii njia ya kwenda geti la Ngorongoro, na mpaka leo nafua. Redio ya baba ilikuwa imekufa, na wadogo zangu walikuwa wakiililia kuliko walivyolilia kitu kingine. Nikaipeleka kwa mzee. Akaifungua, akaipuliza vumbi, akaitikisa karibu na sikio, akasema, "Hii haiponi." Kisha akauliza, "Nani mwenye nyumba kwenu?"

Nikasema, "Mimi."

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Hakucheka, wala hakunipa pole. Tangu siku ile aliniita "mwenye nyumba", mbele ya watu na peke yetu, na ninavyokumbuka ndiye mtu mzima wa kwanza aliyenisalimu kama ninayelipa kodi.

Jambo hilo la kutotuonea huruma lilikuwa kubwa kwangu kuliko nilivyojua wakati ule. Yatima husifiwa kwa kila kitu. Emanueli akichora nyumba iliyopinda, majirani walisema atakuwa injinia. Lina akiimba kanisani, akina mama walifuta machozi hata kabla hajafungua mdomo. Siku moja, akiwa na miaka kama kumi na miwili, nilimpeleka kibandani akamwimbia mzee wimbo wa kwaya wa beti tatu. Watu waliokuwa wanasubiri kadi zao walipiga makofi. Mzee alisubiri makofi yaishe.

"Unaimbia puani," alimwambia. "Na ubeti wa pili uliukimbiza. Ulikuwa unaenda wapi?"

Lina alilia njia nzima. Kwa wiki moja hakutaka kusikia jina la mzee. Wiki ya pili nilimkuta nyuma ya nyumba anaimba ubeti wa pili taratibu, ameziba pua kwa vidole.

Ndiyo maana, miaka mingi baadaye, nilikwenda kwake na flashi ya nyimbo za Lina.

Lina alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa. Nilimpeleka chuo cha uuguzi, akasoma mwaka mmoja, akarudi akaniambia amekutana na meneja Arusha na anataka kuimba. Si nyimbo za kwaya. Nyimbo za kucheza, za kutoa jasho. Tuligombana siku nne. Siku ya tano nilimwambia aende, lakini nilibaki na swali kifuani: mimi niliyeachwa na watoto wawili mkononi, huyu mmoja nimemlea au nimemharibu? Hakuna aliyeweza kunijibu. Wengine wote wangesema ameimba vizuri maskini, mtoto wa marehemu.

Walirekodi nyimbo nane. Albamu ikaitwa "Nyanyua Vumbi". Yule meneja, kijana mwembamba asiyevua miwani ya jua hata ndani ya nyumba, alikuja kwetu akanieleza mipango yote, nami nikiwa nimeshika chupa ya chai.

"Sista, ramani iko hivi. Tunaachia zote nane siku moja. Kuna kampuni imekubali kuzisukuma nchi nzima, redio, simu, kila kona. Siku hiyo hiyo tunafanya uzinduzi hapa hapa Karatu, ukumbini, na wacheza shoo kutoka Arusha. Kabla ya hapo vijana wanapewa kipande kidogo tu, wajirekodi wanacheza. Ila kampuni imetoa sharti moja."

"Sharti gani?"

"Zisisikike nzima popote kabla ya siku. Popote, sista. Zikivuja tu, chali, hakuna dili."

Lina alikuwa ameacha flashi moja nyumbani, ndani ya kikombe kabatini, kama akiba. "Dada," aliniambia, "hii hata panya asiisikie." Nami nikamwambia hata panya.

Wiki tatu kabla ya uzinduzi niliitoa kwenye kikombe.

Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kujua tu. Nilimkuta mzee anakula mahindi ya kuchoma, nikamwambia, "Mzee, hizi ni za Lina. Nataka uniambie kama ni nzuri." Hayo ndiyo maneno yangu yote. Sikusema ni siri. Niliona aibu kusema ni siri wakati mimi mwenyewe ndiye niliyezitoa. Alifuta mikono, akaziingiza kwenye kompyuta, akanirudishia flashi, akachomeka kadi kwenye redio, akafunga mlango kwa kamba. Nilimwona akienda, koti likipiga ngoma. Zamu yangu ya kufua ilikuwa inaanza, sikuweza kumsubiri arudi.

Hapa sina budi kueleza desturi yake moja, kwa sababu bila hiyo mtu atamwona mwizi, kama wengi walivyomwona. Wimbo mpya ukifika kibandani, hakumpa kwanza aliyetangulia kwenye foleni. Alimpa kwanza aliyetoka mbali zaidi. "Wa hapa atarudi kesho," alisema. "Wa Malambo akiondoka leo, namwona mwezi ujao mvua ikikubali." Watu wa mjini walilalamika sana. Waliambiwa wakae. Na kwake yeye, kitu kilicholetwa kibandani kilikuwa kimeletwa kiondoke. Hakuna mtu aliyewahi kumletea wimbo ili ausikilize peke yake. Hakujua kwamba jambo kama hilo lipo.

Kesho yake nilipita asubuhi. Alikuwa na furaha, na furaha yake ilijulikana kwa sababu alisimama kukupokea.

"Mwenye nyumba! Lori la Malambo limeondoka sasa hivi. Wote nimewapa. Watatuambia."

Nilishika meza yake. "Umewapa nini?"

"Nyimbo za mtoto. Mimi ni mzee, hizi si za kuamuliwa na miguu yangu. Zinataka magoti ya vijana."

Nikamwambia. Nikamweleza kampuni, sharti, siku ya uzinduzi, kikombe, panya. Alikaa. Akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa, kama mtu aliyefiwa.

"Mbona hukusema?"

Alinyanyuka, akavaa kofia. "Twende nikamwambie mtoto."

"Usimwambie," nilisema. "Mzee, nakuomba. Malambo ni mbali. Huko mtandao wenyewe wa kupanda kilimani. Nani atasikia? Wiki tatu zitapita."

Alisimama mlangoni. "Unataka nisimtaje nani? Mimi au wewe?"

"Mimi," nilimwambia.

Akavua kofia, akaiweka mezani. "Haya," alisema. Hakuniambia nafanya vibaya. Alizifuta nyimbo nane kutoka kwenye kompyuta yake mbele ya macho yangu, moja moja, na kila alipofuta alitikisa kichwa.

Ni kweli Malambo ni mbali. Lakini madereva wa watalii hupita kila mahali. Dereva mmoja alisimama kubadilisha tairi kwenye tambarare ya huko, akakuta vijana na mbuzi wao, redio imening'inizwa kwenye fimbo iliyochomekwa ardhini, na vijana wanaruka. Muziki ulikuwa wa Lina. Akawarekodi kwa simu, na alipofika penye mtandao akawarushia wenzake. Siku mbili baadaye video ile ilikuwa kila mahali Karatu. Ilikuwa nzuri, lazima niseme. Vijana wanaruka sawasawa, vumbi linapanda, mbuzi mmoja mweupe anapita katikati kama aliyelipwa. Watu walipenda. Lakini ndani yake wimbo mzima ulisikika, na mwanzo wa wimbo wa pili.

Ilikuwa imebaki wiki moja. Kampuni ikajitoa siku hiyo hiyo.

Ilikuwa siku ya mnada Lina na meneja walipofika kibandani, na mji ulikuwa umejaa. Mimi niliitwa kutoka kazini, mikono bado inanuka sabuni. Nilisimama karibu na Lina. Watu walianza kujikusanya, mama mmoja muuza ndizi akasogeza hata beseni lake ili aone vizuri.

Meneja ndiye aliyeanza. "Mzee, umetuharibia ramani. Unajua umeharibu nini wewe? Mwaka mzima wa watu huo!"

"Shikamoo kwanza," mtu alisema kutoka nyuma, watu wakacheka kidogo.

Lina hakucheka. Alizungumza polepole. "Babu, vijana wa kwenye video wamesema walitiliwa nyimbo hapa. Ni kweli?"

"Ni kweli. Niliziingiza mimi."

"Ulizipata wapi?"

"Zililetwa."

"Na nani?"

Mzee aliangalia nailoni yake. Hakunitazama. Kama angenitazama hata mara moja, nadhani ningesema. Au labda najisifu. "Kwangu watu huleta," alisema.

"Jina, mzee," alisema meneja. "Jina tu. Au umeziiba studio? Mzee wa kanisa mzima!"

"Niliziingiza mimi," alirudia mzee. "Kosa la kuingiza ni langu."

Lina alisubiri. Najua alikuwa akisubiri aseme kitu kimoja chochote ambacho kingemwezesha kumsamehe. Mzee ndiye mtu pekee aliyewahi kumwambia ukweli juu ya sauti yake. Mzee hakusema. Ndipo Lina akasema, "Nilidhani wewe hutuonei huruma kwa sababu unatuheshimu. Kumbe hutujali." Akageuka, akapita katikati ya watu. Nikamfuata. Nilimshika mkono, nikamwambia atulie, nikamnunulia soda. Hayo ndiyo niliyofanya.

Uzinduzi haukufanyika. Wacheza shoo walirudishiwa nauli kutoka njiani. Meneja alipata mwimbaji mwingine. Lina alizitoa nyimbo zake mwenyewe, moja moja, kwa simu yake, akaimba kwenye harusi, kwenye vipaimara, kwenye mikutano ya wagombea wa kila rangi. Aliishi. Hakurudi chuoni, na hakulala njaa. Lakini kila tulipopita stendi alikuwa akigeuza uso upande wa pili, na hakumwamkia tena mzee. Kwetu, kijana kumnyima mzee shikamoo si jambo dogo. Watu waliliona, wakahesabu kwamba lazima mzee alifanya baya kweli. Vijana wa Karatu waliokuwa wakimletea nyimbo zao za kwanza wakaacha. Wakati huo huo simu za bei nafuu zikajaa, na mtu akawa anapata wimbo akiwa kitandani. Siku moja nilipita nikakuta kijana mwingine anauza vifuniko vya simu kibandani, na mzee amehama bila kuaga.

Kabla hajahama, mimi nilimwamkia siku zote. Aliniitikia vizuri, akaniuliza habari za mashuka, akaniita mwenye nyumba kama kawaida. Jina hilo likawa zito. Mara mbili nilianza kumwambia kwamba nitasema, na mara zote mbili akanikatisha. "Hiyo ni ya kwako na mtoto," alisema. "Usiniletee mimi."

Mwaka jana Lina aliitwa Malambo kuimba kwenye harambee ya kujenga madarasa. Kulikuwa na nafasi kwenye gari, na mimi nilikuwa na siku zangu za mapumziko, akaniambia, "Dada, twende ukaone mbele ya geti kuna nini. Miaka yote unafua mashuka ya wanaokwenda huko." Tulikwenda. Tulipita ukingo wa kreta kwenye ukungu, tukashuka kwenye joto, na njia ikawa mbaya kama walivyokuwa wakituambia watu wa malori.

Dukani Malambo, dereva aliposimama kununua maji, nililiona lile koti la kijivu limetundikwa kwenye msumari. Mzee alikuwa ndani, nyuma ya meza yenye simu kama ishirini zinazochajiwa kwa umeme wa jua, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake. Kompyuta ilikuwa pembeni. Nailoni ilikuwa mpya. Alikuwa amekonda, na sikio moja alilielekeza mlangoni kama mtu ambaye lingine limemchosha.

"Mwenye nyumba," alisema. Kisha akamwona aliye nyuma yangu, akasimama.

Lina aligeuka kurudi kwenye gari.

Sijui nilipata wapi nguvu. Labda ni kwa sababu hapakuwa na majirani. "Lina," nilisema, "mimi ndiye niliyempelekea flashi. Niliitoa kwenye kikombe. Sikumwambia ni siri. Kesho yake alitaka kuja kukuambia, mimi ndiye niliyemkataza."

Alisimama pale juani, chupa ya maji mkononi. Mtoto wa mwenye duka alikuwa akifukuza kuku.

"Kwa nini ulimpelekea?"

"Nilitaka kujua kama nyimbo ni nzuri. Kama nilikulea vizuri."

"Ungeniuliza mimi."

"Ni kweli, ningekuuliza wewe."

"Miaka yote hii namnyima huyu babu salamu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia, "na wewe uko pembeni yangu unaniangalia tu. Unaniangalia, Dada. Unaninunulia soda."

Mzee alikohoa. "Mimi pia sikuuliza," alisema. "Kitu kinaletwa, unauliza ni cha nini. Sikuwahi kuuliza maisha yangu yote."

Lina alifuta uso kwa kiganja, akasimama pale pale mpaka dereva akapiga honi mara moja na kuacha. Kisha akaingia dukani. Alipita mbele yangu bila kunigusa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nyimbo zangu. Zile za kwenye lori." Alisita. "Walizipenda?"

Nilimwangalia mzee nikaomba kimoyomoyo aseme ndiyo. Angeweza. Mtu mwingine yeyote duniani angesema ndiyo wakati ule.

"Mbili," alisema. "Mbili wanazo mpaka leo, hata watoto wanaziimba. Sita walizifuta."

"Sita!"

"Walitaka nafasi kwenye kadi."

Kitu kikatikisika mabegani mwa Lina, na sikujua kama ni kilio au kicheko mpaka kilipotoka, na hata kilipotoka kilikuwa vyote viwili. Akatafuta kwa macho, akaona ndoo ya plastiki, akaigeuza kichwa chini karibu na meza ya mzee, akakaa.

"Haya, niambie," alisema. "Anza na uliofutwa wa kwanza. Kwa nini waliufuta?"

Mzee aliivuta nailoni, akaanza kutafuta kwenye kompyuta zile nyimbo, alizozipata tena baada ya Lina kuzitoa mwenyewe. Hakuna aliyeniambia nikae. Nikabaki nimesimama mlangoni, jua mgongoni, nawasikiliza.